Kiu ya Koplo Awadhi

Mtungi haukuwa na ufa, na bado kila adhuhuri ulikauka. Bi Mwanahawa wa Kanyenye aliujaza asubuhi, akaufunika kwa kawa, na jua likisimama utosini akaukuta mtupu, barazani kukinuka viatu vilivyolowa na mafuta ya bunduki. Aliudhika kabla ya kuogopa. Maji yenyewe ya mgawo, na jini naye anataka fungu lake.

Mwanawe Sadiki, fundi ujenzi, hakutaka mjadala. Alimleta mganga Bundala kutoka Urambo, naye akafukiza ubani, akakivuta hicho kitu ndani ya kibuyu, akaziba mdomo kwa nta.

"Kizikeni hapa uani," alisema. "Kikifunguliwa, huyu hatoki tena nyumba hii mpaka kiama."

Sadiki alikizika, akamwaga zege juu yake. Alilisakafia vizuri, maana kazi ya nusunusu haijui.

Siku ya tatu, adhuhuri, mtungi ulikuwa umejaa. Bi Mwanahawa alikuwa bado anamshukuru Mungu aliposikia kugongwa chini ya zege. Mara tatu, kimya, kisha mara moja.

Hivyo ndivyo alivyobisha mumewe, Koplo Awadhi, kila alipotoka kambini, kabla ya kwenda vita vya Kagera na kumwacha na mimba ya Sadiki. Alitekwa huko. Renatus, aliyefungwa naye, alirudi peke yake na habari: Awadhi aligonga mlango wa selo siku nne akiomba maji, siku ya tano hakugonga. Mwili haukuletwa. Mama mkwe akakataza matanga, akakataza na eda, eti anayekaa eda anamuua mwanawe. Basi kwa miaka arobaini na kitu Mwanahawa hakuwa mjane wala mke wa mtu, na hasira ya jambo hilo hakuwahi kupata wa kumtolea.

Aliuinua mtungi akaumwaga wote juu ya zege, lakini maji hayakuzama, yaliteleza kwenye ile sakafu laini, yakafuata mteremko ambao mwanawe aliupima kwa pima maji, yakaishia mferejini, na huku chini kugonga kukazidi, tatu na moja, tatu na moja, mpaka sauti kavu ikapanda:

"Mwenye nyumba, hata tone?"

Sadiki, aliyekuja kula chakula cha mchana, alisimama mlangoni.

"Mama, nani huyo?" alinong'ona.

"Baba yako. Tumemfunga mara ya pili. Lete sururu."

"Mganga kasema akifunguliwa hatoki tena humu ndani."

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa nangoja nini, Sadiki?"

Hakungoja jibu. Aliuokota mtungi, akaenda kuujaza.