Mama Mkwe Mlangoni

Haya yalimkuta rafiki yangu, mhariri wa video, tena mchana kweupe. Mama mmoja mpole alimletea video ya marehemu mama mkwe wake, amesimama mlangoni na ndala zake.

"Igandishe hapo anapotabasamu."

Akaigandisha, ila akasahau kukata sauti. Picha ikatulia tuli, sauti ya bibi ikaendelea: "Jamani, nipeni kiti. Miguu inaniuma."

"Samahani mama, naifuta."

"Futa sauti tu. Yeye mwache asimame. Mimi alinisimamisha jikoni kwake na mimba ya miezi minane."

Juzi mama yule alirudi na ile video, anachekacheka. "Hebu mtazame."

Tabasamu lilikuwa lile lile. Miguu ndiyo ilikuwa imevimba, hadi mikanda ya ndala imekatika.