Sura Aliyoitunga Shaib

"Tuhfa, shoga yangu, niambie ukweli. Kitabu hiki umekisoma, au umehadithiwa?"

Imakulata alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba begani, simu mkononi. Hakukaa. Na Imakulata ni mtu ambaye akiingia nyumba ile, kabla hata ya salamu, hufunua sufuria aone kuna nini.

Tuhfa aligeuza uso upande sauti ilikotoka. Macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga wa dirisha tu, na kivuli cha mtu akipita mbele yake. Presha ya macho ilimwanza taratibu akiwa bado anafundisha Kiswahili sekondari, dawati lake na la Imakulata yakiwa yamegusana. Mwaka jana ikamtoa kazini kabisa.

"Swali gani hilo? Si unajua Shaib ndiye anayenisomea?"

"Najua. Basi kaa vizuri. Ukurasa wako unawaka moto."

Ukurasa wenyewe uliitwa Tuhfa na Vitabu. Kila Ijumaa alirekodi sauti akaizungumzia riwaya moja mpya, na Imakulata akamwekea mtandaoni. Hakuchagua aina. Leo upelelezi, wiki ijayo majini, wiki nyingine historia. Alikisema kitabu kama mtu anavyomsema ndugu yake, kwa mapenzi na bila kuficha. Kuhusu Mgeni wa Chumba cha Tisa, habari za mhasibu aliyekutwa amekufa gesti, alisema: "Muuaji nimemjua mapema mno. Lakini nimeendelea, kwa sababu mpelelezi ana mke mkorofi, na ugomvi wao ni mtamu kuliko mauaji." Kuhusu Pango la Kizuka: "Imenitisha mara moja tu, pale mtoto anapomwita mama yake na wakaitika wanawake wawili. Ningekuwa mwandishi, ningeishia hapo nikalala." Na Treni ya Manamba, riwaya ya vibarua wa mashamba ya mkonge, aliisema vibaya: "Kila sura ina tarehe na ina gavana, lakini hakuna anayesikia njaa. Manamba gani hawa wasiosikia njaa?" Imakulata, ambaye babu yake aliletwa Tanga kukata mkonge, alipoisikia ile alilia.

Ijumaa hii ilikuwa zamu ya Nyumba Yenye Milango Miwili, riwaya ya mapenzi ya mwandishi mpya wa Muheza, Anjela Zabron.

"Nisomee," Tuhfa akasema.

"'Dada Tuhfa leo umechemka. Hamadi gani huyo aliyekataa kuoa?' Mwingine: 'Huyu hasomi vitabu, anatafuta wafuasi.' Huyu anacheka tu. Na huyu hapa..." Imakulata akavuta kiti, akakaa. "Huyu ni mwandishi mwenyewe."

"Soma."

"'Dada Tuhfa, nakuheshimu sana. Umesema sura ya kumi na nne imeandikwa na mkono mwingine. Umesema Hamadi anamhudumia mkewe mgonjwa kwa maneno ya sukari tupu, na ghafla anaongea kama muuza duka. Umesema nimeiogopa hadithi yangu mwenyewe. Dada yangu, kwenye kitabu changu Hamadi anaoa. Anaoa mke wa pili kwa siri, na Salama, mkewe, analijua hilo kwa muuza maandazi. Hicho ulichokilaumu sijakiandika mimi.'"

Tuhfa akalirudia lile neno moyoni. Anaongea kama muuza duka. Alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake, na wala hakusikia. Shaib, mumewe, alikuwa na duka la spea za pikipiki.

"Kitabu kipo juu ya kabati," akasema polepole. "Kishushe. Nisomee sura hiyo."

Imakulata akasoma. Salama amelala, miguu haimchukui tangu ajifungue. Hamadi anarudi kutoka kwa mke wa pili akinukia udi mgeni, anakaa pembeni ya kitanda, anamlisha uji mkewe kijiko kwa kijiko, anamfuta mdomo. Salama ananusa, ananyamaza, anameza. Basi. Hakuna aliyepiga kelele.

Imakulata alipomaliza, Tuhfa alikuwa analia.

"Ni sura nzuri," akasema. "Imakulata, ni nzuri kabisa! Na mimi nimemtukana yule binti hadharani."

"Si wewe. Labda Shaib alikuonea huruma. Salama mgonjwa, na wewe..."

"Mhasibu kachinjwa, Shaib akanisomea mpaka damu. Kizuka kala watoto, akanisomea. Huruma hakuwa nayo wakati huo. Kwa nini hapa?"

Imakulata alikirudisha kitabu juu ya kabati. Magharibi ilipoadhiniwa akaaga.

Shaib aliingia baadaye kidogo akinukia grisi na sabuni.

"Assalamu alaykum, mke wangu. Nimepata changu wazuri leo."

"Waalaykumu salaam. Shaib, kwenye kile kitabu, Hamadi alioa?"

Mfuko wa samaki ukawekwa mezani taratibu.

"Nani kakwambia?"

"Sijauliza hilo."

"Alioa," akasema. "Nisamehe. Siku ile nilikuwa hoi, Tuhfa. Dukani tangu asubuhi..."

"Mtu akichoka huruka kurasa. Wewe hukuruka. Ulikaa pembeni yangu ukatunga sura nzima. Ukawa unazigeuza kurasa ambazo husomi, ili mimi nisikie karatasi!"

Hilo lilimfika. Tuhfa alimsikia akiketi, kiti kikalia.

"Sikutaka uumie."

"Nimeumia lini kwa kitabu, mimi? Kilichokushinda kusoma ni nini?"

Nje bajaji ilipita ikapotea.

"Mama anataka nioe," Shaib akasema mwishowe. "Tangu Idi. Kuna binti wa Wete, kwetu Pemba, jamaa zetu wa mbali. Anasema wewe... anasema nyumba inataka mtu wa kuiangalia. Nilimwambia anipe muda. Basi, ni hilo tu."

"Ni hilo tu?"

"Wallahi, sikusema zaidi."

"Mpigie."

"Saa hizi?"

"Mpigie, uweke sauti kubwa. Siwezi tena kusikia neno kwa kupitia kwako."

Shaib alijaribu kusema chaji imekwisha. Halafu, labda kwa aibu, akapiga. Simu ikaita mpaka ikapokelewa.

"Assalamu alaykum, Mama."

"Waalaykumu salaam, mwanangu. Waambaje?"

"Mama, lile jambo la Wete, nilikuwa nataka..."

"Lile lishakwisha, mwanangu! Wazee wake washaridhia, wakungoja wewe tu utaje siku. Na mkufu ulompelekea kaupenda huyo, hauvui. Enhe, mwenzio ushamwambia?"

Tuhfa akaegemea mbele.

"Shikamoo, Mama. Ndiyo naambiwa sasa hivi."

Upande wa pili ikatoka sauti ndogo, ya mtu aliyevuliwa mtandio mbele ya watu.

"Marahaba, mwanangu."

Simu ikakatika.

"Tuhfa..."

"Umeapa," akasema Tuhfa. "Umetaja jina la Mungu hapa mezani, na mkufu uko shingoni mwa mwanamke."

"Niliogopa kukupoteza."

"Mimi sikukatazi kuoa, Shaib. Dini imekuruhusu, ungenikalisha ukanieleza, ningelia nikanyamaza, au ningelia nikaondoka. Lakini ningekuwa nimechagua. Wewe umeniona sioni, ukaona basi hata dunia utanisimulia unavyotaka. Kesho nakwenda kwa dada."

Akaingia chumbani kufungasha. Alizijua nguo zake kwa kuzigusa. Shaib alipotaka kumsaidia kukunja, alimpokonya kanga mkononi.

*

Asubuhi Imakulata alimsindikiza kutoka Tanga mjini hadi kijijini Kigombe, kwa Chiku, dada yake mkubwa aliyeolewa huko. Chiku hakuuliza mengi. Alimtandikia kitanda, akamkaangia muhogo, kisha akaikamata simu ya mdogo wake kama askari aliyekamata kielelezo.

"Katuma tena. 'Mke wangu, nisamehe. Nyumba imekuwa kubwa.' Nyumba imekuwa kubwa! Chumba na sebule nyuma ya jumba la watu!"

"Dada, soma ilivyo. Usiongeze yako."

"'Sili, silali.' Uongo huo. Mwanaume wa Kipemba asile?"

Tuhfa akacheka. Kicheko kikamgeuka katikati, kikawa kilio, na Chiku akaiweka simu chini akamkumbatia.

Ijumaa ilipofika, Imakulata alikuwa ameshamsomea kitabu chote upya, kwa simu, kila akitoka shuleni. Tuhfa akarekodi.

"Ndugu zangu, wiki iliyopita nilimkosea Anjela Zabron. Nilikisema kitabu ambacho nilisomewa sivyo, na sina wa kumsingizia, sauti ni yangu. Sura ya kumi na nne ndiyo roho ya riwaya hii. Hamadi si shetani, ni mwoga. Mwandishi hakumchukia, na ndiyo maana anatuumiza. Lakini nina neno na Anjela. Yule mke wa pili anaingia kitabuni, anachukiwa, anatoka, na hatumsikii hata mara moja akisema. Naye aliambiwa nini mpaka akakubali? Ningependa kujua."

Alipozima simu, swali lile lilibaki naye. Halikutoka.

Kwa hiyo Shaib alipofika Kigombe Jumapili, amesimama uani kwa Chiku na hodi yake ya unyonge, hakupata nafasi ya kuanza kuomba.

"Binti wa Wete anaitwa nani?" Tuhfa akamuuliza.

"Time."

"Time aliambiwa nini kuhusu mimi?"

Shaib akakohoa.

"Aliambiwa umeridhia."

"Na nani?"

"Tuhfa, haya mambo..."

"Na nani, Shaib?"

"Na mimi. Alikataa kuolewa juu ya mtu mgonjwa asiyejua. Nikamwambia wewe mwenyewe ndiye uliyeniomba."

Chiku, aliyekuwa anachambua mchele karibu, akauacha ungo.

"Umeniweka maneno kinywani mbele ya mwanamke mwenzangu," Tuhfa akasema. Hakupandisha sauti. "Nenda Wete. Si kwa simu, nenda. Mwambie yeye na wazee wake ukweli wote. Kisha yeye akitaka kuolewa na wewe, aolewe, mimi utaniletea talaka yangu hapa kwa dada. Asipotaka, tutazungumza. Lakini usirudi kunisimulia. Mwambie anipigie."

Shaib akasimama pale muda. Hakuomba maji. Akaondoka.

Siku zile Tuhfa hakusikiliza kitabu chochote. Alikaa kibarazani, akaulizwa akajibu, akapewa chakula akala nusu. Usingizi ulimkimbia. Alikuwa anampenda Shaib, hilo ndilo lililomchosha. Angemchukia, angepumzika.

Simu ilipoita, ilikuwa namba ngeni.

"Shikamoo, dada. Ni Time. Wa Wete."

"Marahaba. Hujambo, Time?"

"Sijambo." Sauti ilikuwa changa, ya kujikaza. "Kaja hapa. Kakaa mbele ya baba yangu na ami zangu, kasema yote. Kasema kanidanganya mimi, kakudanganya na wewe. Baba kamfukuza. Mama yake Shaib kalia kama kafiwa."

"Na wewe?"

"Mimi nimevua mkufu wake, nimempa mwenyewe mkononi. Dada, nilikuwa nikikuombea dua kila siku, nikidhani umenipenda hata hujaniona. Nimeona haya kweli."

"Usione haya. Haya si yako."

"Basi huna neno na mimi?"

"Sina. Na mwenye kukuoa wewe, Inshallah, atakuja na kinywa kimoja."

Wakaagana wote wawili wanalia, na Chiku akafuta machozi kwa upande wa kanga huku akidai ni moshi wa kuni.

Shaib alirudi Kigombe amekonda usoni, Chiku akamwambia mdogo wake hivyo kwa sauti ili na mwenyewe asikie. Aliketi mkekani, mbali kidogo.

"Ulimpenda?" Tuhfa akauliza.

"Nilimpenda," Shaib akasema. "Sitasema ni Mama tu. Nilichoka, Tuhfa. Nilichoka kukushika mkono, kupika, kusoma vitabu nisivyovielewa. Nikaona kuna mahali naweza kwenda nikawa mtu tu. Halafu nikirudi nikikuona unanisubiri na kitabu magotini, najichukia. Ndiyo ilivyokuwa."

Maneno yale yalimchoma Tuhfa pabaya, palepale alipokuwa akiificha kila siku hofu ya kuwa mzigo.

"Ungeniambia umechoka," akasema.

"Ningeanzaje?"

"Hivyo hivyo ulivyoanza sasa." Akajifuta uso. "Sikiliza. Vitabu atanisomea Imakulata, tumeshakubaliana. Wewe usinisomee tena. Kupika nitajifunza upya, kuna watu hawaoni na wanapika. Nataka mume, Shaib, na sijui kama bado ninaye. Nitarudi nione. Nikisikia uongo mwingine, hata mdogo, hata wa huruma, sitafungasha. Nitaondoka nilivyo."

"Nimekusikia."

"Na Mama nitampigia mwenyewe. Naye ni mama yangu, ana maumivu yake."

Chiku alitaka walale, waondoke kesho. Tuhfa akakataa. Akafunga mtandio wake, akamwachia dada busu la shavu, wakatoka kuifuata barabara ya Tanga. Njia ilikuwa imeharibiwa na mvua za wiki ile. Alitembea mwanzo peke yake, mkono mmoja mbele, Shaib pembeni na begi asithubutu kumgusa. Alipojikwaa mara ya pili, mwenyewe akanyoosha mkono akamshika Shaib kiwiko, kwa vidole tu.

"Kuna shimo mbele," Shaib akasema.

"Kubwa?"

Akamsikia akisita.

"Kubwa," Shaib akasema. "Tuzunguke."

Wakazunguka.