Alama za Siri za Belarmino

Kila asubuhi Belarmino alikunywa kahawa akiwa amesimama mlangoni, macho yake kwenye mlima wa Pico, kisiwa cha ng'ambo ya maji. Wingu likikaa vibaya kileleni, alirudi ndani. Likikaa vizuri, alishuka bandarini, akawasha boti na kwenda kuvua goraz, samaki mwekundu mwenye macho makubwa anayeishi kwenye kina kirefu.

Alikuwa na mahali pake. Mnara wa kanisa ukisimama juu ya bega la mlima, na jabali likiificha taa ya kuongozea meli, basi chini ya boti kuna mlima mwingine, uliozama. Baba yake alimwachia alama hizo siku ya kufa, akamkataza kumwambia mtu. Hata mkewe, Deolinda, hakuzijua.

Lakini samaki walipungua mwaka hadi mwaka. Serikali ikaweka kikomo: kila boti na kilo zake, zikiisha unaacha kuvua goraz mpaka mwaka ujao. Belarmino hakulalamika kama wenzake. Alibakiza wakubwa tu, wadogo akawarudisha majini wakakue. Alijisifu bandarini kwamba wengine wanavua, yeye anafuga.

Mwezi wa pili Graça, binti wa jirani aliyeajiriwa kupima samaki, aliomba kwenda naye baharini. Belarmino aliporusha mdogo wa kwanza, Graça alimsihi wasubiri kidogo, watazame. Samaki alielea tumbo juu, macho yamemtoka, utumbo umetokeza mdomoni. Shakwe akaja akamchukua.

"Akivutwa kutoka kina kile, mjomba, hewa iliyo ndani yake inafura," Graça alisema. "Hawezi kuzama tena. Unarudisha maiti."

Akaongeza kwamba maiti hizo hazipimwi bandarini, kwa hiyo kikomo hakizihesabu. Afadhali alete wote nchi kavu, wahesabiwe.

Mchana Deolinda alikuwa akipasua wale wakubwa kwenye kizingiti. Graça aliomba kuona matumbo. Wote walikuwa na mayai. Akaeleza kwamba goraz huanza maisha akiwa dume, na wakishakua ndipo wengi hugeuka majike. Anayechagua wakubwa, anachagua mama.

"Hilo nalijua," Deolinda alisema, kisu kikiendelea. "Miaka thelathini nawapasua. Msimu huu, mkubwa asiye na mayai simkumbuki."

"Na hukusema?" Belarmino aliuliza.

"Uliniuliza lini, bwana wewe? Wewe na siri zako."

Belarmino alikosa pa kuweka uso. Alikuwa ameua watoto kwa wema na mama kwa ujanja, na hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa.

Graça aliwaambia kilichobaki: kikomo peke yake hakitoshi. Lazima mahali pamoja pafungwe kabisa, ndoana isiingie, ili wakubwa wazae kwa amani. Wavuvi wangechagua wenyewe.

Kwenye mkutano wa wavuvi kila mtu alikuwa mkarimu. Mmoja alitoa mahali ambapo hakuwa ametia ndoana tangu aoe. Mwingine akatoa mwamba uliokwisha samaki zamani. Graça aliandika yote bila kuinua kichwa. Ndipo Belarmino aliposimama, akaenda kwenye ramani, akachora mnara, bega na jabali. Aliporudi kukaa aliona kama amemzika baba yake mara ya pili.

Mlima ule uliozama ukafungwa. Kwingine kulikuwa mbali, na mgongo wake haukuweza safari hizo. Mwaka wa tatu aliuza boti. Wapo waliomcheka.

Mwaka wa sita Graça alimkuta ameketi kwenye ukuta wa bandari. Alimweleza kwamba mlimani samaki wameongezeka, na wengine wanatoka nje ya mpaka. Boti zinawapata huko, ndani ya kikomo, na hakuna anayetupa wadogo tena.

"Ni wakubwa?" Belarmino aliuliza.

"Wakubwa, mjomba. Wanatoka kwako."

Aliitikia kwa kichwa, akashukuru. Alifurahi, na iliuma vilevile. Graça alipoondoka, alitafuta mnara kwa macho, kisha bega la mlima. Kutoka pale ukutani havikutani. Vinakutana baharini tu.