Dari ya Ofisi ya Malolo

Aurelia alikuwa karani wa chama chetu cha wakulima Malolo, Ruangwa. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Ya kwanza iliharibika, kwa hiyo hii aliibeba kwa hofu.

Ikifika saa sita mchana, ofisi ilikuwa haikaliki. Bati liliwaka. Feni ilizunguka, lakini ilisukuma joto tu.

"Vumilia, mke wangu," Dominiko alimwambia. "Msimu wa korosho ukiisha utapumzika."

Dominiko alikuwa fundi ujenzi. Mwaka uliopita popo walijaa darini, wakachafua makaratasi. Yeye akaziba kwa saruji matundu yote ya hewa chini ya paa. Popo wakahama. Jamani, alivyosifiwa! Hakuna aliyejiuliza hewa itapita wapi.

Siku moja ya Novemba, Aurelia alianguka kutoka kwenye kiti. Akakimbizwa hospitali.

"Joto limemzidi," muuguzi alisema. "Mtoto yu hai. Lakini mama asirudi kwenye chumba kile."

Chama kikamwita Sikudhani, fundi wa majengo kutoka Nachingwea. Mama huyo alipanda darini, akashuka ameloa jasho.

"Nani aliziba matundu?"

"Mimi," Dominiko alijibu, macho chini.

"Pole, kaka. Popo uliwafukuza, lakini joto ukalifungia ndani. Bati linachoma dari, na dari inawachoma ninyi."

"Basi tununue kiyoyozi."

"Kitakula umeme bure. Anzeni na dari. Dari si urembo tu. Fungueni matundu, wekeni wavu wa kuzuia popo. Juu ya dari tandikeni tabaka la kuzuia joto. Chini yake tutafunga mabamba membamba ya chuma yenye mabomba. Pampu ndogo ya sola itapitisha humo maji ya tangi lenu la chini ya ardhi. Maji yatabeba joto la chumba, yarudi kupoa tangini."

"Si tutie barafu kabisa?" aliuliza mzee Rashidy, mwanachama.

"Hapana, babu! Maji yakipoa mno, dari itatoa jasho, likudondokee kichwani."

Watu walicheka. Dominiko hakucheka. Alichukua nyundo na tindo, akaanza kuvunja saruji yake mwenyewe. Iliniuma kumtazama.

Januari Aurelia alijifungua salama, mtoto wa kike. Aliporudi kazini baada ya likizo, saa sita mchana feni ilikuwa imezimwa, na watu walikaa chini ya dari mpya bila kujipepea. Alikaa mezani akalia, akimkumbuka yule wa kwanza.

Mwezi uliofuata, chama cha Narung'ombe kilimwita Dominiko.

"Fundi, popo wametushinda. Tuzibie matundu."

"Siwezi," alisema.

"Mbona kwenu uliziba?"

"Niliziba. Nusura niwazike mke wangu na mwanangu. Nipeni ngazi, nitawawekea wavu."