Pini Iliyorudishwa

Mkaguzi wa treni alikutwa ameketi sakafuni mwa chumba cha injini, mgongo ameuegemeza kwenye injini, miguu ameinyoosha kama mtu aliyechoka akajipumzisha kidogo. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimekatika, na upande wa ndani wa mlango wa chuma ulikuwa na michirizi ya damu kuanzia usawa wa kifua hadi chini.

Inspekta wa polisi aliitazama ile michirizi. Kazini walimwita Mama Kwanini, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa.

"Amekosa hewa," alisema daktari wa polisi, akivua glavu. "Gesi ya kuzimia moto imemwagwa yote humu ndani. Dakika mbili tatu, basi. Mengine nitakuambia baada ya uchunguzi wa maiti."

Treni yenyewe ilikuwa kuukuu, ya zile zinazoendeshwa kwa turbini, injini ya jamii ya helikopta. Kwa miaka ishirini na miwili ililala kwenye majani nyuma ya karakana. Sasa wakubwa walitaka treni za mikoani, mpya hazikuwapo, na mafundi wakaambiwa waifufue hii. Viti vilikuwa vimeshang'olewa, mabehewa yamepigwa rangi ya kwanza, na injini ilifunguliwa juzi tu.

Msimamizi wa karakana alikuwa na jibu mkononi. "Ajali hiyo, mama. Vifaa ni vizee. Gesi imefyatuka yenyewe, mlango ukajibana."

"Kwa nini aliingia peke yake, saa ya chakula?"

"Hilo angelijibu mwenyewe."

Inspekta alimkazia macho mpaka akainamisha kichwa. Kisha alitoka akasimama mbele ya mtungi wa gesi, uliofungwa ukutani nje ya mlango. Mshale wa kipimo ulilala kwenye sifuri. Mkono wa kufyatulia ulikuwa umesimama wima, pini ya usalama imechomekwa kwenye tundu lake, na pini imefungwa kwa waya uliosokotwa mara tatu.

"Pini ikiwa ndani, gesi inatoka?"

"Haitoki. Hata uwe na nguvu za tembo."

"Na mtungi ni mtupu."

Msimamizi alikigonga kioo cha mshale kwa kidole.

"Basi kuna aliyefyatua, halafu akarudisha pini," alisema Inspekta. "Kwa nini airudishe?"

"Kwa sababu..." Msimamizi alijifuta jasho. "Ndiyo sheria yetu, mama. Huingii chumba cha injini kabla hujachomeka pini, usije ukamwagiwa gesi. Hata marehemu lazima aliichomeka."

"Na muuaji aliichomoa. Kisha akataka kuingia mwenyewe, akairudisha. Nani anasokota waya mara tatu?"

"Vijana hawafungi waya, wanachomeka tu wakapita. Anayefunga ni mmoja." Alisita, uso umemshuka. "Kipimo."

Kipimo alikuwa fundi mitambo mkongwe kuliko wote. Jina alipewa kwa sababu hakulegeza nati kabla hajaipima, na wenzake walimtania kwamba hata uji huupima kabla ya kuunywa. Alikuja stoo, alikosubiriwa na Inspekta, bila kusukumwa, akaketi, akaweka mikono mezani.

"Saa ya chakula ulikuwa wapi, mzee?"

"Nilikuwa nakula."

"Na nani?"

"Peke yangu. Kwa meno niliyobakiwa nayo, natia watu aibu."

"Ulikula nini?"

Koplo aliyesimama mlangoni aliweka mezani sanduku la chakula la mzee. Chakula hakikuwa kimeguswa. Chini yake, ndani ya kitambaa, kulikuwa na kipande cha chuma cha urefu wa kidole, kimevunjika upande mmoja.

"Hiki nini?"

"Ubapa wa turbini. Ziko nyingi, na moto ndio unaozizungusha. Mmoja ukiwa na ufa, utakatika, na ukikatika injini itawaka."

"Kwa nini uko kwenye chakula chako?"

Mzee alivuta pumzi. "Dereva wa treni hii alikuwa mdogo wangu. Iliwaka, watu tisa wakafa. Wachunguzi wakasema alipuuza kengele ya joto. Akafungwa, akafia humo humo. Mama yetu amezikwa majirani hawamsemeshi. Watoto wa marehemu mdogo wangu hawathubutu kutumia jina la baba yao."

"Endelea."

"Juzi tulipofungua injini nikauona, umekatikia kwenye ufa wa zamani. Shinani una muhuri wa mkaguzi. Muhuri wake yeye. Naye aliuona, amesimama ubavuni pangu, asiseme kitu. Sheria ni kwamba kipande hakiguswi mpaka mkaguzi akiandike. Nikangoja aandike. Leo mchana namwona anaingia na begi, anaangalia huku na huku. Nikajua anakwenda kuuondoa."

"Ukachomoa pini."

"Nikafunga komeo, nikachomoa pini yake, nikavuta."

"Alipiga mlango?"

"Alipiga. Alikuwa analitaja jina la mdogo wangu. Nikadhani ananibembeleza."

"Kisha?"

"Nikangoja mpaka kukawa kimya. Nikaacha mlango wazi hewa ipite, nikaingia kuuchukua."

"Kabla ya kuingia ukarudisha pini kwenye mtungi mtupu."

Fundi alivitazama vidole vyake. "Miaka thelathini na moja, mwanangu. Mikono haikuniuliza."

Mlango uligongwa. Askari aliyetumwa kupekua ofisi ya marehemu alileta karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Inspekta aliisoma kimya, akairudia, kisha akaamua kwamba mzee ana haki ya kuisikia.

"'Mimi mkaguzi natamka kwamba dereva hakuwa na kosa. Kengele haikulia. Kosa ni langu. Niliupitisha ubapa wenye ufa kwa sababu treni ilisubiriwa kituoni na mimi nilikuwa na haraka. Kwa miaka ishirini na miwili nimenyamaza kwa woga. Ubapa wenyewe ungali ndani ya injini, nao una namba'"

Aliishusha karatasi.

"Namba gani?" aliuliza fundi.

"Imeishia hapo. Kwenye begi lake tumekuta lenzi na penseli. Alikuwa amekwenda kuisoma."

Mzee alitikisika mabega bila sauti.

"Hiyo si inatosha? Mdogo wangu si atasafishwa?"

"Haina sahihi, mzee. Na ubapa umeshatoka mahali pake, umekutwa kwa kaka wa dereva. Watasema umeuleta wewe. Aliyeweza kuapa ulikotoka alikuwa mtu mmoja."

"Nipe kalamu. Namba naijua kwa kichwa."

"Siwezi kukuachia uiandike kwenye karatasi ya marehemu."

Fundi aliitaja hata hivyo, tarakimu moja moja, polepole, kama anayemsomea mwandishi. Inspekta aliiandika kwenye maelezo ya mtuhumiwa wa mauaji. Karatasi ya marehemu aliitia kwenye bahasha, sentensi ikiwa bado haijaisha.