"Firigisi Nimeitoa"

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na tisa. Mimi ni fundi wa makochi katika karakana moja huko Industrial Area, na naishi peke yangu katika nyumba ya kaunsili mtaani Mbotela... nyumba ambayo miaka minne iliyopita ilikuwa na mke, mtoto na kuku ishirini na wawili. Leo hata jogoo wa kuniamsha sina! Aliyewamaliza wote ni mimi, kwa mikono hii hii ninayoandikia.

Najua wengi wanaoandika hapa hulia kwamba wametendwa. Mimi nilitenda. Nitukaneni mkitaka, lakini kwanza nisomeni hadi mwisho.

Mke wangu ni Roselida, na mtoto wetu ni Muhonja, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Sote ni watu wa Maragoli. Kwa kubana matumizi, Roselida hakuwa na mfano mtaani! Alikuja mjini na matetea watatu ndani ya kikapu, na kabla ya miaka miwili kwisha kile kibanda nilichomjengea nyuma ya jikoni kwa vipande vya mbao kilikuwa kimejaa. Majani ya sukuma yaliyotupwa sokoni aliyaokota akawakatia kuku. Maganda ya mayai aliyakausha, akayasaga, akawarudishia ili wapate nguvu ya kutaga. Kinyesi chao kilikwenda kwenye madebe aliyopandia dania na vitunguu. Hata manyoya hakuyatupa... aliyafua, akayaanika, akanishonea mto ambao bado ninaulalia. Mayai aliyauza kwa Bakari, mwenye duka la kona, mzee mpole mwenye asili ya Pwani, na mayai hayo ndiyo yaliyomlipia Muhonja karo ya nasari.

Na mimi je, mchango wangu ulikuwa nini? Maranda. Kila Ijumaa nilijaza gunia la maranda kutoka sakafu ya karakana, nikalibeba begani hadi nyumbani, Roselida akawatandikia kuku. Yalikuwa ya bure, na nilijiona mwanamume wa maana sana.

Sasa nisikilizeni hapa. Katika karakana yetu kulikuwa na msimamizi, Mzee Mutua, Mkamba aliyeanza kuchonga vinyago kabla sijazaliwa. Yeye alikuwa na sumaku kubwa, ameifunga kamba, ameitundika ukutani. Aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba maranda ya fundi wa makochi si ya kubeba hivi hivi, kwa sababu misumari yetu mifupi huanguka humo, na kuku hudonoa chochote kinachong'aa. "Pitisha sumaku, kijana. Kuku hana meno lakini ana tamaa," alisema.

Wiki za kwanza nilipitisha, hata nikamsimulia Roselida maneno ya mzee. Halafu nikachoka. Sumaku ilikuwa hatua tano tu kutoka nilipojazia gunia... hatua tano! Lakini ilikuwa Ijumaa, nimechoka, nataka kwenda nyumbani. Nikaacha.

Kuku wakaanza kufa.

Hawakufa kwa mkupuo kama wa kideri, ule ugonjwa unaofagia kibanda kizima. Mmoja angeacha kula, akasimama pembeni ameinamisha kichwa, akakonda hadi kifua kikawa mfupa mtupu, akaanguka. Wiki mbili baadaye, mwingine. Nilipofika nyumbani na kumkuta wa tatu amelala chali, sikuuliza kitu. Nilimzaba Roselida kofi mlangoni, mbele ya mtoto, nikamwambia anawanyima kuku chakula ili apate cha kuwapelekea ndugu zake. Uongo mtupu! Nilijua ni uongo hata kabla ya mkono kumfikia. Lakini mkono ulikuwa umeshatoka.

Ukishapiga mara ya kwanza, ndugu yangu, ya pili haikusumbui. Kuku wa tano alipokufa nilimpiga kwa mshipi. Wa saba alipokufa aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba Muhonja, haya maranda unayapitishaga ile sumaku ya Mzee Mutua?"

Mnadhani nilijibu nini? Nilimsukuma hadi kichwa chake kikagonga ukuta. Nilimuuliza tangu lini mchunga kuku akamfundisha fundi kazi. Nilikuwa mkali kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na mimi nikaona nimeshinda.

Kisha kukawa na mdomo wa Shiundu. Huyu tulishona naye kochi moja, yeye upande ule, mimi upande huu. Nilipomlalamikia kwamba kuku wangu wanakwisha, alicheka hadi akadondosha nyundo. "Wee Jumba, kuku wanaisha na hata hunenepi? Hebu niambie, firigisi yako inakulwa na nani huko Mbotela?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kwa asiyejua, kwetu Uluhyani firigisi ina mwenyewe. Mama anaweza kula paja, watoto wagombanie shingo na miguu, lakini firigisi huwekwa juu kabisa ya bakuli la mwenye nyumba. Mwanamke akimpakulia mwanamume mwingine firigisi, amekwisha kusema yote, hana haja ya kuongeza neno. Ulikuwa utani wa mafundi, lakini mimi niliubeba hadi nyumbani pamoja na gunia la maranda.

Jumapili iliyofuata, kuku wa tisa alianza kusimama pembeni. Roselida akasema heri tumchinje kabla hajafa, tusipoteze na nyama. Nilimchinja mwenyewe asubuhi, nikamwachia amnyonyoe, nikaenda kanisani na Muhonja. Tuliporudi saa saba nilimkuta Bakari mlangoni petu na trei ya mayai mikononi, anaaga. Roselida alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alipokuwa amecheka nami hivyo... Na angecheka na nini, na mimi kila wiki nampiga?

Nilikaa mezani. Aliniletea ugali, akaniletea bakuli. Nikatazama juu ya bakuli. Nikachukua kijiko nikapekua mchuzi. Paja lipo, bawa lipo, ini lipo.

Nikamuuliza firigisi iko wapi.

Alisimama, amekunja kitambaa cha mikono. Akasema, "Firigisi nimeitoa, baba Muhonja. Kula kwanza, halafu nita—"

Nimeitoa! Ndilo neno alilosema. Wasomaji wangu, lugha yetu hii ni tamu lakini ina makali pande zote mbili. Mtu hutoa uchafu kwenye mchele, na mtu hutoa sadaka. Mtu hutoa mwiba, na mtu hutoa zawadi. Mimi nilisikia moja tu. Nikapiga kelele, "Umemtolea nani?" na kabla hajafungua kinywa meza ilikuwa imepinduka na mchuzi umemwagika hadi kwenye viatu vya Muhonja.

Nilimpiga ngumi. Alipoanguka nilimpiga teke. Alijikokota kuelekea jikoni, akinyoosha mkono kwenye rafu kama anayetaka kunionyesha kitu, nami nikadhani anatafuta kisu! Nikatoka nje, nikang'oa ubao kwenye kibanda cha kuku, nikarudi nao. Nikampiga nao upande wa kushoto wa kichwa, mara moja, kwa nguvu zangu zote.

Damu ilimtoka sikioni. Muhonja alikuwa anapiga mayowe chini ya kitanda.

Mnadhani nilisimama? Nilikimbia na ubao ule hadi dukani kwa Bakari. Nilivunja mayai yote juu ya kaunta, mayai ya mke wangu mwenyewe, ute ukitiririka hadi mlangoni, kisha nikampiga mzee wa watu begani hadi mfupa ukalia. Alikuwa anasema tu, "Kuna nini, mwanangu? Kuna nini?"

Ndipo mtaa ukaniangukia. Sijui ni ngumi ngapi, mateke mangapi, mawe mangapi. Nilipoteza meno mawili ya mbele na huu mguu wa kulia haujanyooka tangu siku hiyo. Nilisikia mtu akiitisha mafuta ya taa. Wenzangu, nilisikia harufu yake! Aliyeniokoa ni Bakari. Alijilaza juu yangu na mkono wake mmoja unaning'inia, akawaambia wamwache jirani yake.

Nililala rumande siku nne. Bakari alikataa kunishtaki, nikaachiliwa. Nikachechemea hadi nyumbani mchana, nimejiandaa kusamehe. Ndiyo, kusamehe! Bado nilijiona mimi ndiye niliyekosewa.

Mlango ulikuwa wazi. Nguo zao hazikuwepo. Jirani aliniambia kupitia dirishani, bila kunitazama, kwamba kina mama wa kanisa walimpeleka hospitali, kisha wakamchangia nauli ya kwenda kwao. Kuku waliobaki, kumi na watatu, walikuwa wanalia njaa.

Niliingia jikoni kutafuta maji. Kwenye rafu, pale aliponyoosha mkono, palikuwa na mkebe wa zamani wa majani chai. Unanuka. Nikaufungua.

Ndani kulikuwa na firigisi, imeshaharibika, imepasuliwa katikati na kukunjuliwa. Na mle ndani ya nyama ilikuwa imechomeka misumari mitatu mifupi, yenye vichwa vipana. Misumari ya makochi. Misumari yangu!

Aliitoa. Aliiondoa kwenye chungu ili nisile chuma, akaihifadhi anionyeshe nikishashiba, kwa sababu alijua mume wake akiwa na njaa haambiwi kitu.

Sijui ni shetani gani alinipanda. Nilichukua kisu, nikaingia kibandani. Nilimkamata wa kwanza nikamchinja, nikampasua, nikafungua firigisi. Misumari miwili. Nikamchinja wa pili. Mmoja. Wa tatu hakuwa nayo. Sikuacha... niliwachinja wote kumi na watatu, nikilia kwa sauti, damu hadi viwikoni, manyoya yamenishika usoni, majirani wamejaa uani wananitazama. Misumari niliipanga kwenye ubao ule ule wenye damu ya mke wangu.

Miezi mitano baadaye nilikwenda Maragoli kuomba msamaha, na wazee wawili wa ukoo wetu. Baba mkwe alitupokea kwa heshima, akatusikiliza hadi mwisho. Kwetu mkwe akija lazima achinjiwe kuku, hata mkwe wa namna yangu.

Roselida ndiye aliyeleta chakula. Alikuwa amekonda, amefunga kitambaa kilichofunika masikio. Nilimwita jina lake kwa upole, nikiwa upande wake wa kushoto. Hakugeuka. Nikamwita tena. Baba yake akamgusa mkono, ndipo akageuza kichwa kizima, akaniletea sikio la kulia. "Semea huku, baba Muhonja," alisema. "Hilo lingine halisikii tena."

Aliweka bakuli mbele yangu. Juu kabisa ilikuwa firigisi yangu, mahali pake, jinsi ya kwetu, lakini imepasuliwa katikati na kukunjuliwa wazi kila mtu aione.

"Kula tu," akasema. "Nimeikagua. Haina msumari."

Akatoka. Wazee walitazama chini. Niliila, wasomaji, kwa sababu kuikataa kungekuwa tusi jingine, na kila nilipotafuna nilijua kwamba ananilisha kama mgeni. Mume haambiwi "kula tu". Nilirudi Nairobi peke yangu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja kabla sijapata hata wa kuniita mkwe. Bakari bado ananiuzia chumvi, kwa mkono mmoja, na ananiuliza habari ya mguu wangu! Mzee Mutua amestaafu, akaniachia sumaku. Kila Ijumaa naipitisha kwenye maranda, taratibu, mara tatu, kisha nawapa watu wengine wenye kuku.

Ninyi mlio na wake, nawasihi. Siku mkeo akikwambia neno usilolielewa, usilijaze maana kutoka kwa kina Shiundu. Mwache amalize sentensi. Roselida alikuwa amebakiza maneno machache tu, na sikio alilonisikilizia miaka tisa ndilo nililolipiga.