Winga wa Msimu wa Kumi na Sita

Soko la Tunduma lilikuwa limefurika watu wa pande zote mbili za mpaka. Mbele ya meza ya Enesi, muuza viatu vya mtumba, mwanamume mrefu mwenye jezi ya kijani iliyopauka alikuwa akikunja njumu kupima soli.

"Kaka, unanunua au unazivunja?"

"Nazipima, dada. Mimi ni winga."

"Mawinga mmenichosha! Mnaleta mteja mmoja, mnataka nusu ya faida."

Mwanamume huyo, Anania, akacheka. "Si winga wa sokoni. Winga wa mpira. Timu ya mji wa Mpemba, hapo jirani, msimu wa kumi na sita."

Enesi, kitenge cha zambarau kikiwa kimemkaa vizuri, akalitazama goti la Anania lililofungwa bandeji. "Kumi na sita? Wenzako si wameshakuwa makocha?"

"Wenzangu walichoka. Mimi bado."

Kesho yake alirudi, bila haja ya viatu. Miezi minane baadaye wakapanga Jumamosi ya kupeleka barua ya posa kijijini Ivuna, kwa baba yake Enesi, mpika chumvi. Mzee alitaka kumwona mkwe kwa macho yake.

Siku ya Alhamisi ratiba ya ligi ikabadilishwa. Mechi ya kuinusuru timu isishuke daraja ikaangukia Jumamosi ileile. Anania akamwomba baba yake mdogo, Clement, aende na wazee bila yeye. Lakini hakumwambia Enesi. Aliogopa.

Jumamosi gari la Clement likazama kwenye tope, mahali pasipo na mtandao. Ivuna, wali na kuku vikapoa. Alasiri redio ya jirani ikalipuka: krosi ya Anania, bao, Mpemba haishuki!

Jioni simu ya Enesi ikaita.

"Malkia wangu, wazee mmewapokeaje?"

"Wazee gani? Baba amekaa na shati jipya tangu asubuhi, wewe unacheza mpira!"

"Hawajafika?"

"Waulize waliokuwa wanakushangilia."

Akakata, akazima simu kabisa.

Asubuhi Clement akampigia Anania kumweleza mkasa wa tope. Anania akapanda bodaboda. Barabara ilipokatika akashuka, akatembea kilomita tisa huku goti likivimba.

Alimkuta Enesi akichochea moto chini ya sufuria la chumvi, macho mekundu.

"Gari lilikwama, mpenzi. Wazee wako njiani."

"Tope nalielewa. Ratiba ilibadilika Alhamisi. Kwa nini sikujua?"

"Niliogopa utaniambia nichague."

"Ningekwambia tusogeze siku, Anania. Basi!"

Anania akainamisha kichwa. "Nimekosa. Sina cha kujitetea."

Mzee akatoka ndani.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Mpira unaacha lini?"

Enesi akaacha kuchochea moto.

"Sijui, baba. Miguu bado inautaka. Nikikutajia tarehe nitakuwa nakudanganya."

Mzee akamgeukia binti yake. "Umemsikia. Mtu wako ndiye huyu. Unasemaje?"

Enesi akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Angesema anaacha kesho, ningemrudisha kwa miguu yake hiyohiyo. Mkaribishe kiti, baba. Halafu tuwasubiri wazee."

Juni, Anania alipoletewa mkataba wa msimu wa kumi na saba, Enesi aliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akampa kalamu.